Vipimo vya Damu vya Alhamisi

Jumanne, 1 Desemba 1998

Leo ziwa limefungwa. Hadi tarehe 1 Machi hakuna mwenye ruhusa ya kutupa wavu, ili samaki wazae. Nimeanza daftari jipya siku hii hii, kwa sababu napenda mambo yaanze pamoja.

Kwanza yaliyo ya hakika. Mimi ni Hervé, miaka ishirini na sita. Nilimaliza sekondari Lubumbashi, sehemu ya biolojia na kemia. Nilivuka ziwa kutoka Kilwa, upande wa Kongo, mwezi wa tisa vita ilipokaribia, na sasa nalala katika chumba cha nyuma cha kliniki ya Kasalwe, kambi ya wavuvi kaskazini mwa Nchelenge. Mganga wa kliniki ni Bwana Fanwell. Amenipa kazi ya kupima damu kwa sababu nina macho mazuri ya rangi na siandiki namba bila kuitazama mara mbili. Kibali changu cha ukimbizi huandikwa upya kila baada ya miezi mitatu, na barua ya kusema mimi ni mtu mwema ni yeye anayeiandika.

Jumatano, 2 Desemba

Dawa za kutambua makundi ya damu zimefika kutoka Mansa, chupa tatu ndogo. Fanwell alikuwa mkutanoni Nchelenge, nikazijaribu peke yangu kwenye damu yangu. Kundi O. Nikajipima himoglobini pia, yaani nguvu ya damu: 15.1.

Alhamisi, 3 Desemba

Siku ya wajawazito. Kumi na moja walikuja. Namna ya kupima ni hii: natoboa kidole, nafyonza damu kwa mrija wa kioo hadi kwenye alama, naitia katika kibomba chenye asidi, nangoja dakika kumi. Damu inageuka kahawia kama chai isiyo na maziwa. Kisha naongeza maji tone kwa tone hadi rangi ilingane na vioo viwili vya pembeni. Pale maji yalipofika ndipo namba ilipo. Haraka moja ndogo, tone moja la ziada, na mtu anaandikiwa damu asiyokuwa nayo.

Wa saba alikuwa mwenzetu, Stéphanie, wa Kilwa kama mimi, mtaa wa nyuma ya soko. Ameolewa na Goodson, mvuvi wa hapa mwenye boti ya injini. Mimba ya kwanza, miezi sita na nusu. Aliposikia Kiswahili chetu alicheka hadi mama mkwe wake, Eneless, akageuka kutazama.

"Dokta, ya mi iko ngapi?"

"Tisa na mbili. Mi si dokta."

"Inapashwa kufika ngapi?"

"Kumi na moja, kumi na mbili."

"Aa! Tisa juu ya kumi na mbili, niko muzuri. Ku masomo nilikuwa napata tatu."

Nimempa vidonge vya madini ya chuma vya mwezi mmoja.

Jumatano, 9 Desemba

Mvua kutwa.

Alhamisi, 17 Desemba

Stéphanie: 8.4. Nikamuuliza kama anameza vidonge. Akatazama mlangoni kabla ya kujibu. "Mama mukwe alibitupa mu choo. Anasema binakuzisha mutoto, kichwa kitakwama." Mayai pia hali, kwa sababu mtoto atazaliwa bila nywele. Samaki hakuna. Anakula ugali na majani ya muhogo tu, bukari na sombe, sombe na bukari.

Nilimweleza kwa namna ya ziwa, maana vitabu vyangu vimebaki Lubumbashi. Mapafu ni bandari. Hewa inayohitajika, oksijeni, inafika bandarini kama abiria wengi wenye mizigo. Lakini abiria hawezi kuogelea hadi kisiwa cha Chisenga, anahitaji mtumbwi. Himoglobini ndiyo mitumbwi. Kila mtumbwi umeundwa kwa chuma kidogo, una viti vinne, unapakia bandarini, unashusha kisiwani, unarudi mtupu. Mitumbwi ikipungua, iliyobaki haipumziki, inakwenda na kurudi mbio. Hapo ndipo moyo unapiga hata mtu akiwa amekaa.

"Donc kufunga ziwa kumefika na mu damu yangu," alisema. Kisha akauliza kuhusu mtoto: yeye anapata nini kama mitumbwi ni michache?

Nikamwambia ukweli, kwamba mtoto tumboni ana himoglobini ya aina yake, inayoshika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama. Anaipokonya damu ya mama hata mama akiwa na kidogo.

"Voilà! Njo mutoto wa Goodson kabisa. Mwizi."

Alicheka, halafu ikabidi angoje pumzi irudi. Eneless alikuwa amesimama mlangoni. Kiswahili chake ni cha kuuza samaki tu, lakini kicheko hakihitaji lugha.

Ijumaa, 25 Desemba

Noeli. Kanisani waliimba vizuri. Kuku mmoja kwa watu wa kliniki; Fanwell alinipa paja.

Alhamisi, 31 Desemba

Stéphanie alishikwa na malaria wiki nzima ya Noeli na hawakumleta hadi jana. 7.1. Malaria inavunja mitumbwi ikiwa safarini. Viganja vyake vimekuwa na rangi ya tumbo la samaki.

Eneless alizungumza nami leo kwa mara ya kwanza, nje, akiwa ameshika mwavuli uliovunjika ubavu.

"We Mukongomani. Munasemaka nini na muke ya mutoto yangu?"

"Tunasema juu ya damu, mama."

"Kila Alhamisi damu, damu. Unamushika mukono kila Alhamisi."

"Nashika kidole, mama. Wa wote."

"Ya wengine hawachekake," alisema, akaondoka.

Ni mwanamke mgumu, mjinga na mkatili. Naandika hivyo ili nisisahau.

Alhamisi, 14 Januari 1999

6.6. Sasa hachoti maji. Si kwamba wamemhurumia. Alianguka njiani na ndoo ikapasuka.

Jumamosi, 16 Januari

Fanwell ameniambia habari inayozunguka kambini. Weupe wa Stéphanie na pumzi yake fupi wanauita incila. Ni ugonjwa wa mke aliyemjua mwanamume mwingine akiwa na mimba. Usipokiri, unakufa kwenye kuzaa. Ukitaja jina, na aliyetajwa akakubali mbele ya watu, ugonjwa unafunguka. Fanwell amesomea kazi yake Lusaka, nikangoja acheke. Hakucheka.

"Unaamini?" nikamuuliza.

"Nimeona waliotaja wakapona," alisema. "Na waliotaja wakafa. Wewe andika namba zako."

Jumatano, 20 Januari

Mvua. Daraja la kijito limechukuliwa na maji. Lori la Mansa halifiki tena.

Alhamisi, 28 Januari

5.9. Nilipima mara mbili. Fanwell aliandika barua ya kumpeleka hospitalini. Barabara haipo, basi boti. Goodson anayo boti. Alikuja mwenyewe, kijana mrefu anayeinama kwenye kila mlango hata ulio mrefu kuliko yeye, akaishika barua kwa mikono miwili.

"Petroli iko," alisema kwa Kiswahili alichojifunza kwa mkewe. "Boti iko. Mais mama anakatala. Anasema mwanamuke wa incila akipanda boti, boti inazama, na ye, na mi."

"Wewe unasemaje?"

Aliangalia viatu vyake. "Mi najua kuogelea, Dokta. Si maji njo naogopa."

Alirudisha barua. Nimeiweka hapa katikati ya daftari.

Alhamisi, 4 Februari

5.1. Stéphanie alifika akiwa ameshikiliwa na shangazi wawili wa Goodson, akaketi kwanza kwenye ngazi, kisha kwenye benchi, kisha kwenye kiti changu: vituo vitatu kwa hatua kumi. Walipotoka kidogo alinishika mkono.

"Banataka jina," alisema. "Kila siku. Asubui, jina. Nikilala, jina. Sina jina, Hervé. Nitabapa nini?"

Ni hapa nilipokuwa na akili nyingi. Nilimwambia hivi, na naandika maneno yangu yote: "Ukijifungua, utahitaji damu. Goodson ni kundi O kama wewe, nilimpima wiki iliyopita alipokuja kwa ajili ya barua. Ni yeye tu katika ukoo ule ninayejua kuwa anafaa. Hataunyosha mkono wake kabla hujasema jina. Kwa hiyo sema jina. Lolote. Taja marehemu, taja mtu wa mbali. Ni sauti tu inayotoka mdomoni."

"Nitasemea mutu wa kufa uongo?"

"Sema jina lolote," nilirudia.

Alinitazama sana. Nilidhani anafikiria marehemu gani amchague.

Jumapili, 7 Februari

Upepo mkali. Bati moja la kliniki limeng'oka. Sikulala vizuri kwa kelele zake.

Jumanne, 9 Februari

Naandika kwa utaratibu.

Alijifungua saa nne asubuhi, mtoto wa kike, kabla ya wakati lakini mwenye sauti. Damu iliyomtoka haikuwa nyingi. Fanwell alikadiria vikombe viwili, kiasi ambacho mwanamke mwingine angekitoa na jioni akaomba chai. Kwake ilikuwa robo ya kila alichokuwa nacho. Saa tano nilipima: 3.8. Maji yalikomea chini ya alama zote nilizozoea, nikafikiri nimekosea. Nikarudia. 3.8.

"Fungua dirisha," alikuwa akisema. "Hakuna hewa humu."

Madirisha yote yalikuwa wazi. Upepo wa ziwa uliingia na kupeperusha makaratasi yangu. Hewa ilikuwepo tele, bandari imejaa abiria. Mitumbwi haikuwepo.

Fanwell alitayarisha chupa, mpira na sindano. Goodson alikuwa tayari ameketi kwenye kiti, shati limekunjwa, mshipa umesimama kama kamba. Alikuwa akilia. Nataka iandikwe kwamba alikuwa akilia na mkono ulikuwa umenyooshwa.

Eneless aliuweka mkono wake juu ya ule mshipa. "Bado," alisema. Kisha akasema maneno marefu kwa Kibemba, na Fanwell, bila kunitazama, akanitafsiria: damu ya mume ikiingia katika mke ambaye hajakiri, wote wawili wanakufa. Amezika mabinti wawili kwa kuzaa, wote walikataa kusema. Hatamzika mwana.

"Mama, hakuna muda," nilisema.

"Basi aseme mbio."

Alimwinamia Stéphanie. Wala hakumpigia kelele. Alimpangusa jasho kwa kitenge chake, akamuuliza kwa Kiswahili kile cha sokoni, polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka: "Nani, mwanangu? Sema tu. Tutakusamehe. Nani?"

Mara ya kwanza Stéphanie alitikisa kichwa. Mara ya pili alifumba macho. Mara ya tatu alifungua mdomo na kuvuta pumzi mbili ili apate ya kutosha neno moja.

"Hervé," alisema.

Chumba chote kilinigeukia. Alinigeukia na yeye, na uso wake haukuwa wa mtu anayeshtaki. Ulikuwa wa mwanafunzi aliyetoa jibu alilofundishwa na anangoja mwalimu aseme ndiyo.

Goodson hakusimama. Alinitazama kutoka kwenye kile kiti, mkono bado umenyooshwa, na aliyozungumza yalinishangaza. Alisema: "Dokta, sema ndiyo. Ukisema ndiyo, inaisha. Sitakupiga. Naapa mbele ya mama yangu, sitakupiga. Sema tu ndiyo, nitoe damu."

Niliwaza mambo matatu, na nakumbuka mpangilio wake. Niliwaza kibali changu, kinachoisha tarehe 12 Machi, na barua ya Fanwell ya kusema mimi ni mtu mwema. Niliwaza vijana wa ufukoni wanaomjua Goodson, ambao hawakuapa chochote. Niliwaza Kilwa, na ng'ambo ile ya ziwa ambako wangenirudisha. Yeye sikumwaza. Kila kitu kilichukua muda mdogo kuliko tone moja la maji kuanguka katika kibomba.

"Hapana," nilisema. "Si kweli. Huyu mwanamke anasema uongo."

Na ilikuwa kweli! Ndilo neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa katika chumba kile tangu asubuhi.

Goodson alikunjua shati lake taratibu. "Basi anamficha mwenyewe hasa," alimwambia mama yake, akatoka nje akiwa ameinama.

Hapo ndipo Eneless alipofanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimtazama Stéphanie, akautazama mlango alimopita mwanawe, akaketi kwenye kiti kile kile. Akakunja mkono wa blauzi yake.

"Pima mi."

Fanwell alisema, "Mama, wewe umesema damu ikiingia kwa asiyekiri inaua."

"Mi niko muzee. Iniue."

Nilimtoboa kidole. Ni kundi O. Kama angesema hivyo mwezi mmoja uliopita ningejua. Nikapima himoglobini, nikangoja zile dakika kumi, na nilipoanza kuongeza maji yalifika haraka mno: 7.4. Huyu mwanamke amebeba maji, kuni na wafu wake kwa damu ya 7.4, pengine kwa miaka, na hakuna aliyempima kamwe. Pumzi ile fupi aliyoiita incila kwa mkwewe alikuwa nayo mwenyewe kifuani. Alidhani ni uzee.

"Haitoshi," nilimwambia.

"Toa tu."

"Tukitoa, mama, tutakuwa na wagonjwa wawili."

Fanwell ni kundi B. Shangazi wawili, A na A. Saa sita na dakika ishirini Fanwell alinigeukia akiwa na chupa tupu mkononi.

"Na wewe, Hervé? Kundi lako?"

Hakuna anayelijua ila daftari hili, ukurasa wa kwanza. Chupa za dawa ya makundi zilikuwa mezani kwangu, na mpimaji ni mimi. Macho yote yalikuwa juu yangu tena. Nikaona vile ingekuwa: nimekana, kisha damu yangu mwenyewe inamwingia mbele yao, nusu lita, nyekundu, ushahidi unaoning'inia kwenye msumari.

"A," nilisema.

Stéphanie alisikia. Sijui kama alielewa. Alikuwa akitazama dirisha, akivuta hewa iliyokuwa nyingi bure, mara hamsini kwa dakika, nilihesabu kwa saa yangu, kisha arobaini, kisha kumi na mbili.

Saa saba kasorobo.

Jumatano, 10 Februari

Tumemzika. Mvua.

Alhamisi, 11 Februari

Wajawazito tisa. Ya chini kabisa 8.8. Nilimpa vidonge, nikamwambia avimeze mbele yangu.

Jumapili, 14 Februari

Najaribu kuandika kwamba Eneless ni mkatili. Naandika, nafuta. Aliamini jambo la uongo na kwa ajili yake alikuwa tayari kufa. Mimi nilijua jambo la kweli.

Alhamisi, 18 Februari

Wanane. Goodson alipita nje akiwa amebeba nyavu za kushona. Alinisalimu kwa heshima.

Jumatano, 24 Februari

Fanwell ameandika barua yangu ya kibali mapema. Nimesoma nakala. "Mwaminifu, hasa katika mazingira magumu."

Jumatatu, 1 Machi

Ziwa limefunguliwa. Tangu alfajiri injini zilikuwa zikilia, watoto wakikimbia majini hadi kiunoni. Kambi yote inanuka samaki mbichi tena.

Eneless alikuja saa tisa na mtoto mgongoni. Wanamlisha maziwa ya mwanamke mwingine wa ukoo. Ameongezeka gramu mia tatu. Alitaka nimpime damu, "kama ya mama yake, nijue mapema." Nilimtoboa kisigino. 13.0. Mwizi yule alichukua kila alichohitaji, kama nilivyoeleza. Eneless mwenyewe anameza vidonge sasa, vile vile alivyovitupa chooni. Amefika 8.6 na anasema kilima cha kutoka majini kimefupishwa.

Kabla ya kuondoka alifungua kitambaa akatoa samaki wawili wa aina ya pale, wakubwa, macho bado maangavu. "Bya kwanza bya Goodson," alisema. "Alisema nikuletee."

"Kwa nini mimi, mama?"

"Siku ile mwanaume mwingine angeogopa. Angesema ndiyo, ili tumuache. We ulisema kweli mbele ya batu. Mutu wa kweli hapa ku ziwa, hawako wengi."

Nilipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Fanwell alileta mkaa. Tuliwachoma, na nilikula wangu wote, hata kichwa.

Jioni nilisafisha mrija na vibomba, na kwa kuwa asidi ilibaki kidogo, nilijitoboa kidole. Nilingoja dakika kumi kamili. Nikaongeza maji tone kwa tone, nikisogea dirishani ili mwanga uwe sawa. 15.2.

Nusu lita ya damu hurudi. Kama ningeitoa tarehe 9, leo, siku ya ishirini, ningekuwa kwenye 14 hivi, na hata mimi, kwa macho haya mazuri ya rangi, nisingeona tofauti.